Bunduki ya Ndege

Ukichukua mafuta ya mkia wa kondoo ukayapaka kwenye kipande cha ngozi ngumu, kisha ngozi hiyo ikabanwa ndani ya bomba la chuma na kusukumwa ghafla na springi, hutoka harufu ambayo sijaikuta mahali pengine. Ni harufu ya jikoni siku ya kuchinja iliyochanganyika na harufu ya karakana. Niliinusa tena mwaka jana hapa Karatu mjini, kwenye ua wa mzee mmoja aliyeniita nimtazamie bunduki ya upepo aliyoikuta katika ghala la shamba la zamani la kahawa. Aliikoki, akailenga kwenye shina la mgrevilea, akafyatua. Moshi mwembamba wa rangi ya samawati ukatoka mdomoni mwa mtutu na mzee akacheka kwa furaha. Mimi ilibidi nikae kwenye ndoo iliyokuwa karibu. Nilisingizia jua.

Watu hunishangaa, na siwalaumu. Mwalimu wa kike, tena wa Kiswahili, amejulia wapi bunduki za Waingereza? Lakini ndivyo ilivyo. Huku kwetu, kuanzia Oldeani hadi njia ya Mbulu, walowezi walipoondoka waliacha vitu vingi kwenye maghala na kwenye mikono ya vibarua wao, na bunduki hizi za kupigia ndege zilikuwa miongoni mwa vitu hivyo. Mtu akiipata moja mvunguni mwa kitanda cha marehemu babu yake, huniita. Mimi sina hata moja, na sitaki. Ninachokusanya ni namba. Nina daftari la shule lenye namba za bunduki kumi na moja nilizoziona kwa macho yangu, na namba ya kumi na mbili, ile iliyo juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, ndiyo ninayoitafuta.

Kuzitambua si kazi kubwa. Unaigeuza tumbo juu. Zile za zamani hasa zina mkono wa chuma chini ya mtutu, unaoushusha ili kuikoki, na juu yake kuna kijibomba cha kugeuza ambamo risasi ndogo ya upepo hutumbukizwa. Karibu na kifyatulio kuna namba, na kwenye chuma au kwenye mti wa kitako kuna alama ya bunduki tatu zilizoegemezana kama kuni za kuota moto. Ukiiona alama hiyo unamwambia mwenyewe kwamba hii ilitoka Birmingham, na anafurahi kama vile umemwambia habari za ukoo wake. Kisha mimi huomba niitazame upande wa kushoto wa kitako. Ile ya baba ilikuwa na doa la kuungua hapo, kubwa kiasi cha kasha la kiberiti, kwa sababu niliwahi kuiangusha kwenye mafiga nikiwa na miaka minne.

Baba yangu, Boay, alikuwa mtunza bustani kwenye shamba la mlowezi mmoja ambaye vibarua walimwita Bwana Kofia. Siku Bwana Kofia anaondoka alimwachia baba vitu viwili, koti la mvua na hiyo bunduki. Koti lilichakaa kabla sijazaliwa. Bunduki ilikaa nyumbani kwetu Ganako juu ya kitanda cha wazazi, kwenye misumari miwili, mahali ambapo nyumba nyingine huweka picha ya Mama Maria. Mama alimweka Mama Maria ukuta wa pili, na nadhani hakuwahi kulisamehe jambo hilo.

Tulilima ngano, na ngano ilipoanza kujaa maziwa walikuja kwelea kwelea. Asiyewajua hawezi kuelewa: wanakuja kama moshi, wanatua kama kitambaa kilichotandazwa, na wakiinuka wameacha mabua. Baba alikwenda shambani alfajiri na bunduki yake begani, akapiga magoti kwenye mpaka, akalenga. Jioni alirudi na ndege wawili, siku njema watatu, amewafunga miguu kwa uzi. Mama aliwapokea, akawatazama, akasema, "Baba yenu ameua wawili, na elfu moja wamekuja matanga." Tulicheka, na baba alicheka pia, kwa sababu alijua kwamba ngano haikuwa sababu ya kuwa na bunduki. Sababu ilikuwa ule mwendo wa kupita barabarani nayo, watu wakimwamkia.

Ganako nzima walimwita Boay Bunduki. Lakini wapo waliomwonea wivu, na hao walikuwa na neno lao. Walisema, "Ile si bunduki, ni ya upepo." Neno hilo lilimkera baba kuliko tusi. Nyumbani kwetu halikutamkwa. Ungeweza kusema upepo wa mvua, upepo wa kupepetea ngano, ila si upepo na bunduki katika sentensi moja. Mimi nilikua nikiamini kwamba bunduki ya upepo ni matusi, kama mengine ambayo mtoto hawezi kuyarudia mbele ya wakubwa.

Baba hakujua kusoma. Alikijua kile chuma kwa vidole, kila kovu na kila mchoro, isipokuwa maandishi yaliyokuwa juu ya bomba. Kwa hiyo nilipoanza darasa la kwanza, kila Jumapili baada ya kanisa alikaa kwenye kigoda mlangoni, akaiweka bunduki magotini na kuanza kuipaka mafuta, nami nikakaa mbele yake. Aliweka kidole kwenye herufi. "Hii?" "A." "Na hii?" "I." Kwa kuwa yeye alikuwa ameishika ikimtazama yeye, mimi nilizisoma zikiwa kichwa chini, na mwalimu wangu hakuelewa kwa nini mtoto mwenye akili timamu anaandika A yenye miguu juu. Baadaye baba aliigeuza. Kufikia darasa la tatu nilikuwa nazisoma zote bila kutazama, namba na yale maneno mawili makubwa, naye alisikiliza amefumba macho kama mtu anayesomewa barua. Tulikuwa watoto watano na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusoma katika nyumba ile, tangu nyumba iwepo.

Mwaka huo ulitoka wito wa kusalimisha silaha. Ujangili ulikuwa umezidi kwenye msitu wa Ngorongoro, juu tu ya mashamba yetu, na mtendaji wa kijiji alitangaza kanisani kwamba kila mwenye bunduki isiyo na kibali ailete ofisini Jumamosi. Wasioleta wangetafutwa. Zisizo na madhara, alisema, zingetazamwa na kurudishwa palepale.

Mama alisema baba asiende. "Hiyo ni pampu ya baiskeli iliyotiwa mti," alisema. "Nani atakutafuta kwa pampu?"

Leo najua kwamba mama alikuwa ameielezea ile mashine kwa usahihi kuliko mtaalamu yeyote. Lakini ndugu zangu, mwanamume aliyeitwa Bunduki kwa miaka kumi na mitano hawezi kubaki nyumbani siku wenye bunduki wanaitwa. Baba alinyoa ndevu. Aliniambia nivae sare ya shule, ingawa ilikuwa Jumamosi, nimsomee karani.

Meza ilikuwa barazani pa ofisi ya kijiji. Nyuma yake alikaa kijana mmoja aliyetoka mjini, karani, mwenye rejesta mpya na kalamu mbili mfukoni, na pembeni yake mtendaji wetu na mgambo mmoja. Tulitanguliwa na mzee mwenye gobore, likachukuliwa. Kisha ikawa zamu yetu.

"Shikamoo mzee," alisema karani.

"Marahaba. Hii ni bunduki yangu. Ya Kiingereza."

"Ya aina gani?"

Baba akaiweka mezani taratibu, maandishi yakinielekea mimi. "Msomee," akaniambia.

Sijawahi kuwa na fahari kama ile, tangu siku ile hadi leo. Watu walikuwa wamesimama nyuma yetu, na mimi nikaweka kidole juu ya chuma kama baba alivyokuwa akifanya, nikasoma kwa sauti yote: "Airi. Rifile." Kisha namba, tarakimu moja moja. Watu wakaguna kwa kustaajabu. Karani aliinama, akatazama mwenyewe, akasema taratibu, kwa matamshi ya Kiingereza, "Ea raifo. Kumbe ni raifo." Kalamu ikasimama juu ya karatasi. "Ea hii ni mambo ya ndege. Kama zile zinazotua kule uwanja wa Manyara. Bunduki hii ni ya nini hasa?"

Baba alifungua kinywa, lakini mimi nilikuwa nimeshalewa sifa. "Ni ya ndege," nilisema.

Nafundisha ngeli sasa, mwaka wa kumi na nane huu, na kila mwaka nikifika kwenye neno ndege sauti yangu hupungua. Wanafunzi hudhani nimechoka. Ndege ametua, ndege imetua. Yule ana manyoya, ile ina injini. Kama ningesema tu ya kuwafukuza ndege, silabi hiyo moja, wa, ingewaweka kwelea kwelea wote wa Ganako mbele ya macho ya karani. Sikusema. Nilisema ya ndege, naye akaandika, na mimi nikalisoma neno lilivyokuwa likitoka kwenye kalamu: raifo ya ndege, moja.

"Mliipata wapi?"

"Kwa mzungu wa shamba," alisema baba.

"Alikuwa askari?"

"Alipigana vita, ndiyo," alisema baba, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu ilimpendeza kuisema mbele ya watu.

Mgambo akaifunga karatasi kwenye mtutu kwa uzi na kuibeba hadi kwenye gari.

Nyuma yetu alikuwa jirani yetu Akonaay, na mikononi alikuwa na kitu cha dukani, kipya, chenye kitako cha rangi ya chungwa. Alikiweka mezani akasema bila aibu yoyote, "Ya upepo hii, karani, ya kuchezea tu." Karani akacheka, akaikoki, akafyatulia hewani ikatoa mlio wa kizibo cha chupa, akamrudishia. "Peleka nyumbani, mzee." Halikuchukua muda wa kupiga chafya.

Nilimtazama baba. Alikuwa ameyaona yote. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, na niliona neno likija, lile neno, likafika mahali fulani shingoni na kukwama. Watu walikuwa wengi. Alinishika mkono tukaondoka. Njiani nilimuuliza kama itarudi. "Itarudi," alisema. "Wameandika."

Haikurudi. Msimu huo kwelea kwelea walikuja kama kawaida, na baba akasimama mpakani na debe na fimbo, akalipiga kama watu wote. Ngano tuliyovuna haikuwa pungufu kuliko miaka mingine, na hilo ndilo lililokuwa baya. Watu waliendelea kumwita Bunduki, sasa wakitabasamu. Aliacha kupita barabara kubwa. Alizungukia nyuma, kwenye mashamba. Nilisubiri anigombeze. Nililala nikisubiri na kuamka nikisubiri, na kila aliponiita jina langu, Paskalina, nilidhani ndiyo saa yenyewe. Alikuwa akinituma maji tu.

Likizo ilipofika alinipeleka Karatu, kwenye ofisi ambako zile silaha zilikuwa zimeandikishwa. Tulikwenda mara tatu. Mara mbili za kwanza mwenye rejesta hakuwepo. Mara ya tatu tulimkuta, bwana mpole mwenye miwani, aliyetupa benchi la kukalia na kupitisha kidole ukurasa kwa ukurasa.

"Boay wa Ganako. Umo hapa. Raifo ya ndege, ya askari wa Kizungu. Hiyo ni silaha kubwa, mzee. Ilipelekwa Arusha pamoja na nyingine."

Baba alivua kofia. Aliizungusha mikononi, akaitazama, kisha akamwambia yule bwana lile neno. "Mwanangu, ile ni ya upepo."

Ndiyo mara pekee niliyomsikia akilitamka. Alilisema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chake cha shambani, na mimi nilitazama sakafu kwa sababu nilihisi kama baba yangu amevuliwa nguo.

"Ya upepo haikuandikwa hapa," alisema yule bwana, na kusema kweli alionekana kusikitika. "Ningekuwa na uwezo ningekusaidia. Aliyeandika amehamishwa. Imeandikwa ya ndege."

"Ndege hawa. Wa ngano."

"Wa ngano hawakuandikwa, mzee."

Nilisimama. Nikasema kwamba ni mimi niliyesema. Alinitazama juu ya miwani yake, na hapo akapata wazo, na mpaka leo naamini lilikuwa wazo la wema. Akatoa karatasi, akaandika mistari michache, akaigongea muhuri, akakisukuma kidau cha wino mbele ya baba. Akasema baba akiweka dole gumba hapo, karatasi itatangulia Arusha na mambo yatarekebishwa. Bunduki ipo bado stoo, haijaharibiwa. Baba akachovya dole gumba. Kisha akasita, akaisogeza karatasi upande wangu.

"Nisomee."

Nikasoma. Ilisema kwamba maelezo ya silaha yalitolewa na mtoto wa mwenye silaha, na kwamba hayakuwa sahihi kwa kuwa mtoto huyo alikosea kusoma. Nilisoma vizuri, bila kukwama, hata pale pa mtoto.

Baba aliliinua lile dole jeusi. Akaniuliza kwa Kiiraqw, ili yule bwana asisikie, "Ulikosea?"

Wasomaji wangu, naomba mnielewe. Nilikuwa na miaka tisa. Nilizijua zile herufi zikiwa kichwa chini na zikiwa wima, nilizijua gizani. Aliniuliza swali la kweli na mimi nikampa jibu la kweli, na nilimpa nikiwa nimeinua kidevu.

"Hapana, Baba."

"Basi hakukosea," alimwambia yule bwana. Akalifuta dole gumba kwenye bitana ya koti lake, akashukuru kwa muda aliotupa, akavaa kofia. Yule bwana alimwambia ni maneno tu, ni karatasi tu, mtoto haumii. Baba akasema anajua. Tulirudi Ganako kwa miguu na nilimkasirikia njia nzima, kwa sababu nilidhani ni ukaidi.

Miaka mitano baadaye nilikuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni, siku zile za mwanzo ambapo masomo yote yamegeuka Kiingereza na wewe unaelea tu. Mwalimu wa sayansi aliandika neno ubaoni kwa herufi kubwa, tatu. Niliijua ile A kabla hajamaliza kuichora. Akageuka, akapunga mkono mbele ya uso wake akitupepea, akasema, "Air, yaani hewa. Huu upepo mnaoupumua."

Nilikaa pale nikayaona maneno yote mawili juu ya chuma, kidole cha baba kikiwa chini yake. Chuma chenyewe kilikuwa kimeandikwa ya upepo. Kilikuwa kimesema hivyo tangu Birmingham, kila Jumapili, mbele ya karani, mbele ya kijiji kizima, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukisoma. Niliomba ruhusa ya kutoka nje, nikasimama nyuma ya darasa, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Nilirudi likizo nimeazimia kumwambia yeye. Nilikuwa nimepanga maneno kwenye basi. Nilimkuta na wageni wawili sebuleni, watu wa mbali wa ukoo wa mama, wakinywa chai, na aliponiona mlangoni na sanduku langu alisimama kwa shida, maana magoti yalikuwa yameanza kumsumbua.

"Huyu ndiye niliyekuwa nawaambia," alisema. "Huyu ndiye aliyewasomea serikali. Walitaka niseme alikosea. Hakukosea hata herufi moja."

Wageni walinitazama kwa heshima. Niliwaamkia, nikapokea birika kwa mama, nikawaongezea chai. Baba aliishi miaka mingine ishirini na miwili, na kisa hicho alikisimulia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara aliponigeukia ili nithibitishe, nilitikisa kichwa kukubali.